Tatizo la Resident Evil halikuwa kamera, lilikuwa stoo iliyojaa

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani wiki iliyopita ilidai kwamba Resident Evil, ule mfululizo wa gemu za video za kutisha, ilizikwa Januari 2017, pale toleo la saba lilipomtoa mchezaji nyuma ya bega la shujaa na kumtia ndani ya macho yake. Mwandishi wenu ana kalamu nyepesi, na yapo mambo mawili nitakayomkubalia huko mbele. Ila hoja yenyewe haishiki, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kupokea, kuandika, kupanga, kutoa, na kukataa kutoa. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalofanya watu wasinisalimie vizuri koridoni. Aliyenikalisha mbele ya gemu hizi ni mdogo wangu, tangu enzi za PlayStation ya kwanza. Yeye alishika padi ya kuchezea, mimi nilishika daftari. Alinifundisha kukimbia na kulenga. Mimi nikamfundisha kutofyatua risasi bila sababu. Kwa taarifa yenu, yeye yuko upande wa mwandishi wenu, na barua hii ataisoma.

Toleo la kwanza lilitoka Machi 1996, likiongozwa na Shinji Mikami wa kampuni ya Capcom. Askari wa kikosi maalumu wanakimbilia kwenye jumba lililojificha milimani, nje ya mji wa Raccoon City, na humo ndani ndiko balaa liliko. Kabla hujaona zombi hata mmoja, gemu inakuuliza utacheza kama askari yupi: Chris au Jill? Wengi walichagua sura. Mimi niliona tofauti ya maana zaidi: Chris ana nafasi sita za kubebea vitu, Jill ana nane. Bastola inakula nafasi moja, risasi za akiba moja, dawa moja, ufunguo mmoja, na Chris tayari amebakiwa na mbili tu. Akiokota nembo ya kufungulia mlango fulani anabaki na moja, na mlango wenyewe bado hajui uko wapi.

Kusevu nako kulikuwa na gharama. Ulihitaji taipureta, taipureta ikataka utepe wa wino, na tepe zilikuwa za kuhesabika, tena zinakaa begi lilelile la risasi. Ndiyo maana kwenye daftari langu kila zombi alikuwa na mstari wake: huyu apigwe, huyu azungukwe, huyu aachwe chumbani mwake na mlango usiguswe tena. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2002, Mikami aliongeza ukatili nilioupenda sana. Zombi aliyeuawa asipochomwa moto, au kichwa chake kisipopasuliwa, huja kuinuka baadaye akiwa mwekundu na mwenye mbio. Mafuta ya kumchomea yapo, lakini ni machache. Kuua kukawa na deni.

Sasa tuje kwenye kamera, maana ndiko kesi iliko. Mwandishi wenu anasema zile kamera zilizosimamishwa kwenye pembe za vyumba ndizo roho ya mfululizo. Historia inasema vingine. Mikami na wenzake walianza wakiwaza gemu ya kuonekana kwa macho ya mhusika. Mashine za wakati ule hazikuweza kuchora jumba kwa ubora waliotaka, ndipo wakaamua picha za vyumba zichorwe kabla na kamera zisimame mahali pamoja. Nyuma zaidi yuko mzazi wa gemu hii, Sweet Home, iliyotolewa na Capcom mwaka 1989 na kuongozwa na Tokuro Fujiwara, mtu yuleyule aliyekuja kusimamia utayarishaji wa Resident Evil. Humo mna jumba, mna maandishi yaliyoachwa na waliokufa, mna wahusika wasioweza kubeba ila vitu vichache, na wote hao unawatazama kutoka juu. Mwaka 2000 ikatoka Resident Evil Survivor, ambayo unaicheza kwa macho ya mhusika kabisa, miaka 17 kabla ya hii inayolaumiwa. Makala yenu ilisema jambo hilo halikuwahi kutokea ndani ya mfululizo. Hilo naomba gazeti lilisahihishe.

Juu, pembeni, begani, machoni: kamera imehamahama maisha yake yote. Kilichobaki palepale ni begi.

Na begi lilianza kulegea mwaka 2005. Nasema hivi huku nikiipenda Resident Evil 4, maana lile sanduku lake la miraba, ambamo unageuza bunduki ilale au isimame na kutafutia mayai na samaki pa kukaa, lilinifurahisha kuliko mapigano yenyewe. Nililipanga hata pasipo haja. Lakini adui akianguka anaacha risasi au pesa, na kila baada ya kona yuko mfanyabiashara mwenye bidhaa ndani ya koti lake. Leon, shujaa wa toleo hilo, alikuwa na mtu wa kumletea mzigo. Mtu mwenye mtu wa kumletea mzigo haogopi sana.

Mwaka 2009 Resident Evil 5 ikampeleka Chris Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi, ambako maadui wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Nani aliwafikishia Kiswahili huko, wajuao ni Capcom. Ubishi uliozuka juu ya shujaa mzungu anayemiminia risasi umati wa Waafrika ulikuwa mkubwa na wa haki, lakini huo unastahili barua yake. Langu leo ni Sheva Alomar, mwenzake Chris. Akiendeshwa na kompyuta, Sheva alikuwa tayari kumaliza dawa kwa mchubuko, na gemu haikunipa fomu ya kumnyima. Kisha mwaka 2012 ikaja Resident Evil 6, hadithi nne zilizosukana, miji ikilipuka, wahusika wakibingirika na kurusha mateke. Niliimaliza nikiwa na risasi za kumwaga na bila woga hata chembe. Mdogo wangu alifurahi sana. Daftari langu halikuwa na kazi.

Hivyo ndivyo ghala lilivyokuwa Koshi Nakanishi alipokabidhiwa toleo la saba: limejaa. Alichofanya yeye na timu yake ni kutoa vitu nje. Walitoa mashujaa. Ethan Winters si polisi wala mwanajeshi. Ni mume ambaye mke wake, Mia, amepotea miaka mitatu, kisha ujumbe wake unaingia ukimwita Dulvey, Louisiana, kusini mwa Marekani. Wakatoa mabara na miji. Palibaki shamba la familia ya Baker: nyumba kubwa, ua, nyumba kuukuu ya pembeni, banda. Baba mwenye nyumba, Jack, anazunguka koridoni akikutafuta na kukuita kwa sauti ya mwenyeji aliyechoshwa na mgeni. Unampiga risasi anaanguka, halafu anainuka. Risasi zile hazikununua kifo chake, zilinunua dakika chache. Je, dakika hizo zilikuwa na thamani ya risasi tano? Swali kama hilo nilikuwa sijaulizwa na gemu hizi kwa muda mrefu.

Ngoja nieleze kitu ambacho mwandishi wenu hakukigusa hata kwa ncha ya kidole, nacho ndicho kilichonirudisha. Ndani ya nyumba ile kuna chupa za kemikali. Changanya kemikali na mmea, unapata dawa. Changanya kemikali na baruti, unapata risasi za bastola. Chupa ni hiyohiyo moja. Watu wanaokuja dirishani kwangu hudhani kugawa ni hesabu. Hesabu ni rahisi. Kazi ni kubashiri: nani atakuja kesho, akiwa na shida gani, na mimi nimebakiwa na nini. Anayetengeneza dawa amekubali kwamba ataumizwa. Anayetengeneza risasi anadai kwamba hataguswa. Nilisimama na jambo hilo kwenye chumba cha usalama, chupa moja, mmea mmoja, baruti moja, na Marguerite, mke wa Jack, akinisubiri kwenye nyumba kuukuu na wadudu wake. Mdogo wangu akasema risasi. Nikasema dawa. Tukabishana mpaka skrini ikafifia yenyewe kwa kukaa bila kuguswa.

Tulitengeneza dawa, kwa sababu safari hii padi ilikuwa mikononi mwangu. Na hapa inabidi nimwanike ndugu yangu kidogo. Alinipa padi kwa kuwa kuona kwa macho ya Ethan kulimzungusha kichwa na kumtia kichefuchefu. Huo ni ugonjwa wa kweli, unawapata wengi, na namhurumia. Lakini kichefuchefu si uhakiki, na nashuku kwamba sehemu ya hasira iliyomo kwenye makala yenu ina asili ya namna hiyo.

Sidai kwamba kamera mpya haikubadilisha kitu. Ilibadilisha mikono. Skrini haina mistari ya uhai kila kona. Hali yako unaisoma kwenye saa iliyo mkononi. Ukijitibu, unaona dawa ikimiminwa juu ya mkono. Ukizidiwa, unainua mikono hiyo kujikinga. Na mkono wa kushoto wa Ethan, nisimharibie utamu asiyecheza, unapitia makubwa mapema sana. Kila kitu unachokipunguza stoo kinapita mbele ya uso wako. Kwenye matoleo ya zamani nilikuwa karani aliye mbali na eneo la tukio. Humu nimetumwa mwenyewe.

Halafu kuna bunduki ya marisau. Mwaka 1996 bunduki hiyo ilitundikwa ukutani, na ukiichukua dari ya chumba cha jirani inashuka kukuponda. Dawa yake ni kutafuta bunduki mbovu na kuitundika mahali pake. Mwaka 2017, ndani ya nyumba ya akina Baker, sanamu imeshika bunduki ya marisau; ukiichukua, mlango unajifunga, na dawa yake ni bunduki mbovu kuwekwa mikononi mwa sanamu. Mtu aliyeweka jambo hilo pale alikuwa amelijua jumba la kwanza mpaka misumari yake. Mwandishi wenu anauliza Resident Evil iko wapi ndani ya gemu hii. Iko hapo, imeshikwa na sanamu. Iko pia kwenye funguo zenye alama ya nge, ya nyoka na ya kunguru, na kwenye vichwa vitatu vya mbwa vinavyotakiwa ili ule mlango wa kutokea ukubali.

Asiyecheza na anayepanga kucheza aruke aya hii. Lucas, mtoto wa kiume wa nyumba ile, ana chumba chake cha mitego. Kabla ya kufika huko unaweza kuangalia kanda ya video ya mpigapicha aliyetangulia, aitwaye Clancy, na ukiiangalia unakuwa wewe ndiye yeye. Unahangaika na mafumbo, unachomwa, unadhalilishwa, unapata neno la siri, na mwisho wake ni moto. Baadaye Ethan anaingizwa chumba kilekile. Ila wewe neno unalijua tayari. Unakwenda moja kwa moja kwenye kufuli, unaruka hatua iliyomuua mwenzako, na Lucas anapandwa na jazba kwamba umemchezea rafu. Katika miaka yote ya kubeba funguo, nembo na mishumaa, hicho ndicho kifaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na hakikuchukua nafasi yoyote begini.

Makala yenu ilisema pia kwamba Capcom waliwaiga wengine waliokuwa wanavuma. Ni kweli kwamba Amnesia: The Dark Descent ilitangulia mwaka 2010, Outlast ikafuata 2013, na P.T., ile gemu fupi ya korido moja, ikatikisa watu 2014. Zote zinaonekana kwa macho ya mhusika, na zote zinakunyima silaha: kazi yako ni kujificha, kukimbia au kutembea ukisubiri. Zinatisha, sikatai. Lakini asiye na kitu hana la kuamua. Mtu akija dirishani kwangu na rafu ni tupu, namwambia hakuna, anaondoka, nami nalala usingizi. Usingizi unakosekana pale kimoja kilipobaki na waombaji wakawa wawili. Nakanishi hakuchukua utupu wa gemu zile. Alichukua macho yao, akaweka bastola yenye risasi chache.

Nilisema yapo mambo mawili ninayomkubalia mwandishi wenu. La kwanza ni maadui. Ukiwatoa akina Baker wenyewe, unaobaki nao ni wale viumbe weusi wa ukungu, ule wa kuvu, wanaoota ukutani, na ni walewale kwa walewale. Mmoja ana mkono mrefu, mwingine anatambaa, mwingine mnene anatapika. Mfululizo uliowahi kutupa mbwa wakivunja madirisha, nyoka wa darini na papa kwenye maji ya chini ya nyumba ulipaswa kuwa na maadui wa aina nyingi zaidi. La pili ni theluthi ya mwisho. Ukishatoka nyumbani kwa akina Baker unapelekwa kwenye meli iliyokwama, kisha kwenye mgodi wa chumvi, na huko gemu inafungua stoo waziwazi: rashasha, mabomu, risasi kila pembe. Niliupita mgodi nikifyatua kama mtu anayemalizia bajeti ya mwaka kabla vitabu havijafungwa. Meli naisamehe kidogo kwa sababu ya hadithi ya Mia na mtoto mmoja aitwaye Eveline. Mgodi siusamehi.

Angalieni lakini, kasoro zote mbili hazina uhusiano na kamera. Mgodi ungetazamwa kutoka juu, kutoka pembeni au kutoka begani, ungebaki vilevile, kwa kuwa tatizo lake ni shehena.

Na kama ushahidi zaidi unatakiwa, Capcom wenyewe wameutoa. Mwaka 2019, kwa mtambo uleule wa RE Engine, yaani programu ya kutengenezea gemu, waliouanzisha na toleo la saba, walitengeneza upya Resident Evil 2 na kuirudisha kamera begani kwa mashujaa wake, Leon na Claire. Risasi zikabaki chache, mazombi yakabaki magumu kufa, na yule jitu la kofia anayekufuata ndani ya kituo cha polisi akafanya kila chumba kiwe na bei. Ilitisha. Mwaka 2021, toleo la nane, Village, likabaki na macho ya Ethan lakini likamrudisha mfanyabiashara na pesa za kuokota, na hofu ikapungua, isipokuwa ndani ya nyumba ya Beneviento, ambako wanakunyang'anya kila silaha. Toleo la tisa, Requiem, ambalo Nakanishi ndiye mwongozaji wake tena, lilipotangazwa mwaka 2025 ilielezwa kwamba mchezaji ataachiwa achague kuona kwa macho au kwa nyuma ya bega. Kitu kinachoachwa kwenye ukurasa wa mipangilio, pamoja na sauti na mwangaza, hakiwezi kuwa roho ya gemu.

Sitataja mauzo kama hoja. Toleo la saba limepita nakala milioni 10, ambalo ni jambo la ajabu kwa marehemu, lakini hata la sita liliuza sana na msimamo wangu juu yake mnaujua.

Badala yake nina ombi. Mwandishi wenu alisema aliimaliza gemu kwa kiwango cha kawaida cha ugumu, ambako kinasa sauti kinakusevu bure kila unapopita. Arudi aicheze kwa kiwango cha Madhouse, kigumu kuliko vyote. Huko kusevu kunataka kanda, kanda ni za kuhesabika, tena zinachukua nafasi begini, na Jack anakuja mapema kuliko alivyozoea. Akifika kwenye chumba cha Lucas, asimame kidogo, afungue begi, aandike kwenye ukurasa wenu ana kanda ngapi, risasi ngapi na chupa ngapi za kemikali, na ile ya mwisho aliichanganya na nini. Mimi na mdogo wangu tutakata gazeti hilo tulibandike daftarini.

Wenu,
Mtunza Stoo